Uwanja wa mtaa saa kumi jioni ni wa wavulana peke yao? Wenzangu wa Mwanza mnafanyaje?

Mama Rede (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, huku Nyakato kwa ndani, mtaa sitautaja maana najua mwenyekiti wetu nae anapita humu. Nina shida ya uwanja, naomba mawazo ya watu waliopitia, kejeli mkae nazo.

Iko hivi. Tangu mwezi wa tatu nina kikundi cha mabinti, wapo ishirini mpaka ishirini na tano inategemea na siku, wadogo kabisa darasa la tano, wakubwa wamemaliza form four wako tu nyumbani. Tulianza na rede, ule mchezo wa kurushiana mpira na kukwepa, nyuma ya kanisa, mpira wa soksi, nikaona hawa watoto wana mikono jamani, yani anarusha mpira unausikia unavyolia ukipita. Nikatafuta mpira wa netiboli. Baadae wenyewe wakasema na football wanataka, sawa, kwanini isiwe. Uwanja wa mtaa upo na ni mkubwa, una mawe upande mmoja kama kila kitu huku kwetu ila unachezeka. Shida yangu ni saa.

Kila siku kuanzia saa kumi mpaka giza kuna timu ya vijana. Wakitoka hao wanaingia wadogo zao na chandimu. Nikiuliza naambiwa "nyie si mje saa nane". Saa nane jua la Mwanza mnalijua, na saa nane hao mabinti wako darasani. Wakirudi kuna maji ya kuchota, kuna vyombo, kuna mdogo wake wa kubeba, anakuja kupumua saa kumi na nusu, na saa kumi na mbili na nusu mama anataka amuone ndani. Kwaiyo binti kwa siku ana masaa mawili ya kwake na hayohayo mawili ndo uwanja umechukuliwa. Kaka yake katoka shule saa ileile, katupa begi mlangoni, kaenda zake.

Wiki iliyopita nikasema potelea mbali, tukaingia saa kumi kamili, tukapanga kandambili kama alama upande wa goli moja. Vijana wakaja. Hawakutukana wala nini, walianza tu kupasha misuli kwa kutuzunguka, afu mashuti yakaanza kuja upande wetu, moja likamkuta mtoto wa darasa la sita sikioni. Mmoja akaja akamshika kichwa, "pole dogo, huku ni hatari". Tukatoka. Ile pole imeniuma kuliko mpira.

Swali langu: kuna mtu amewahi kupata siku za wasichana kwenye uwanja wa mtaa? Mlienda kwa nani, mliandika nini, mlisema nini wakawasikia? Nawasilisha.

Sangara Mkavu

Mleta uzi pole, ila ngoja niseme ukweli ambao hutaupenda. Mimi sio wa mtaa wako ila hadithi ni ileile. Uwanja wetu tuliufyeka wenyewe, mawe tumetoa kwa mikono wiki mbili, milingoti ya goli tumechanga buku buku mpaka ikatimia. Halmashauri haijaleta hata chokaa. Jumamosi tuna ndondo, mechi za mtaani, na hela ipo mezani, bila mazoezi tunapigwa. Sasa mtu anatokea na watoto ishirini anasema tugawane, tugawane nini?

Na msinielewe vibaya, mpira wa kike siupingi. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti chini ya miaka 17, walivyompiga Ufaransa 2-1 kule India 2022 nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Wamefika robo fainali kombe la dunia, kaka zao wamefika wapi? Lakini wale ni timu. Hao wa kwako wanacheza cheza tu kupoteza mda.

Binti wa Nansio

@Sangara Mkavu siku hiyo ya kufyeka mlikula nini?

Sangara Mkavu

Makande. Kwanini?

Binti wa Nansio

Nani alipika.

Kipepeo wa Igoma

😂😂😂 nimekaa paleee

Kocha Mzee

Tulieni vijana. Nimefundisha mpira wa miguu na netiboli shule za msingi huku kanda ya ziwa zaidi ya miaka ishirini, nimepeleka timu UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, mara kadhaa, nimestaafu sasa nauza vocha. Mama Rede nakupongeza mama, na nitasema machache ya kazi.

La kwanza usigombanie uwanja ukiwa uwanjani. Pale anashinda mwenye mguu mzito, umeshaona. Nenda ofisini. Lakini usiende mikono mitupu kulia kwamba wanatuonea, mwenyekiti atakwambia "nitaongea nao" na ndo imeisha hiyo. Chukua daftari. Wiki mbili, kila jioni, andika nani kaingia saa ngapi katoka saa ngapi, wangapi, wa kike wangapi. Usimwambie mtu. Ukimaliza andika barua ya ukurasa mmoja, taja siku unazotaka na saa unazotaka, usiandike "tunaomba tufikiriwe", andika "tunaomba Jumanne na Alhamisi saa 10:30 hadi 12:00". Nakala kwa mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii. Omba iingie kwenye mkutano wa mtaa ili ikae kwenye muhtasari. Kitu kikiwa kwenye muhtasari mwenyekiti akibadilika hakifi nae.

Ya pili, netiboli haihitaji uwanja mzima. Ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo, wachezaji saba kwa saba. Hiyo inaingia hata kwenye kona ya uwanja wa mpira, au pembeni ya ofisi ya kata, au kiwanja cha kanisa. Ring iko juu mita 3 na kidogo, fundi wa kuchomelea wa hapo Nyakato atakutengenezea kwa nondo. Lakini isiwe ndo sababu ya kuwaondoa kwenye uwanja mkubwa ee, maana nimeona sana mtindo wa "wasichana wana netiboli yao" kumbe maana yake ni kaeni kule.

Na kitu kingine nakisema kwa sababu nimekiona kwa macho: msiwe na kocha mwanaume anaebaki na mabinti peke yake. Watu wazima wawili kila zoezi, mmoja mwanamke, na wazazi wawe na namba zenu. Mzazi akishasikia jambo moja baya la mtaa wa pili anamfungia binti wake ndani na huwezi kumlaumu. Ukija kukua sajili klabu kupitia afisa michezo wa wilaya, usajili uko chini ya BMT (Baraza la Michezo la Taifa), inasaidia mkitaka kuingia mashindano.

Dogo wa Mabatini

Si akachukue mkopo wa halmashauri ule wa asilimia kumi, wanawake wana asilimia nne yao, anunue jezi kila kitu

Mama Rede

@Dogo wa Mabatini ule ni mkopo mdogo wangu, unarudishwa, na wanataka mradi unaoingiza hela. Niandike nini, mradi wa kurusha mpira? @Kocha Mzee shikamoo baba, nimechukua yote, daftari naanza kesho.

Kocha Mzee

Marahaba mama.

Binti wa Nansio

Mimi nimesoma bodingi ya wasichana, ni shule ipi siitaji. Nilikua golikipa mzuri, nisingeandika kama sio kweli. Niliacha mpira form two na hakuna aliyeniuliza kwanini mpaka leo nina miaka 29.

Tulipewa jezi na mfadhili, nzuri kweli, juu bluu chini bukta nyeupe. Nyeupe peee. Siku ya mechi ya mkoa niko kwenye siku zangu, pedi ni ya kuomba kwa mwenzangu, nimevaa taiti ndani na juu ya taiti chupi mbili. Dakika zote nimesimama golini nimebana miguu. Mpira unakuja chini mimi siinami, nauzuia kwa mguu. Tukafungwa matatu. Mwalimu akasema "leo umelala". Nikavua gloves nikafunga sweta kiunoni nikakaa kwenye gari la shule, na sweta lile sikulitoa mpaka bwenini. Sikurudi tena.

Juzijuzi nikasikia timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza ilitupa bukta nyeupe 2023 wakavaa za bluu kwa sababu hiyohiyo, na Wimbledon mwaka huohuo wakaruhusu wachezaji wa kike kuvaa taiti ya rangi ya giza chini ya sketi. Nilicheka na nikalia. Yani wenye pesa zote zile nao walikua wanabana miguu kama mimi.

Mama Rede kabla hujaomba jezi kwa mtu yeyote sema rangi. Nyeusi au bluu ya giza. Na uliza choo kiko wapi. Uwanja usio na choo mvulana anageukia ukuta, binti anaacha kunywa maji tangu saa sita.

Ummu K

Assalam aleikum. Nami nina binti anataka kucheza, baba yake anakataa kwasababu ya mavazi, amesikia kwamba mpira unalazimisha bukta na kichwa wazi. Hiyo ni kweli?

Mswahili Melbourne

Waaleikum salaam dada. Sio kweli, FIFA waliruhusu hijabu rasmi 2014, basketi nao FIBA 2017. Kombe la dunia la wanawake 2023 lilichezwa huku Australia na New Zealand, Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza na hijabu yake mpaka wakavuka hatua ya makundi wakaingia mtoano. Taiti ndefu na mikono mirefu wanavaa wengi tu. Mtafutie mtandio wa kubana usio na pini, pini ndo inakatazwa kwasababu inaumiza. Muonyeshe shemeji picha, maneno hayatoshi.

Mama Rede mimi ni wa Kirumba, niko huku miaka nane, na nimeona kitu kinachofanana sana na uzi wako. Jimbo ninaloishi linaitwa Victoria, kama ziwa letu, malkia yuleyule katuachia jina. Huku viwanja ni vya halmashauri na unalipia kupanga saa, na kwa miaka mingi klabu za wanaume ndo zilikua na saa nzuri kwasababu zilikuwepo tangu babu zao, wanawake wanapewa saa tatu usiku au kiwanja chenye tope. Hakuna aliyewafukuza, ratiba tu ilikua inanakiliwa kila mwaka. Serikali ya jimbo ikaja na sera ya upatikanaji wa haki wa viwanja, na tangu 1 Julai 2024 halmashauri isiyo na sera hiyo haipati pesa za jimbo za kujenga miundombinu ya michezo. Lazima wakague nani anatumia kiwanja kipi saa ngapi. Ndo lile daftari la Kocha Mzee hilohilo, ila lao lina ofisi na kiyoyozi.

Sijasema huku pepo. Kuna klabu za wazee wanalalamika mpaka leo. Ila kilichowabadilisha ni hela, hotuba hawakuzisikiliza.

Sangara Mkavu

Sasa wewe wa Melbourne halmashauri yenu inatoa hela. Yetu imetoa nini niambie, hata nyavu za goli hatuna, mpira ukiingia tunabishana umepita juu au chini kama watoto. Ukija kunikagua unanikagua kwa lipi?

Kipepeo wa Igoma

Hapa Sangara ana pointi kidogo 🤔

Mama Aisha wa Mwaloni

Naona mnaongelea mabinti tu, sisi wamama je? Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, nina miaka 41, saa tisa usiku nimeshaamka. Jumapili jioni tunacheza rede wamama kama kumi na wawili, tunacheka mpaka mbavu zinauma, mgongo wangu umepona kuliko dawa zote nilizonunua. Tunaonekana vichaa. Mtu mzima ana dera anakwepa mpira, watoto wanafuata wanaimba, vijana wanatoa simu wanarekodi. Mume wa mwenzetu mmoja aliona clip akamuuliza "una umri gani wewe". Yeye mwenyewe anashinda kwenye bao kuanzia saa saba hakuna anaemuuliza umri.

Na mashindano ya mitumbwi ya kanda ya ziwa wanawake wana mbio zao miaka yote, wamama wanapiga kasia mpaka mtumbwi unaruka, siku ile watu wote wanashangilia. Kesho yake ukitaka kukimbia asubuhi unaitwa jike dume.

Binti wa Nansio

Shikamoo mama. Hapo kwenye simu umegusa. Mama Rede weka sheria ya simu, watu wa kurekodi watoto wasisogee.

Mama Rede (wiki tatu baadae)

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya.

Daftari nimeandika jioni kumi na nne. Kila jioni masaa matatu, jumla arobaini na mbili. Mabinti wamepata dakika thelathini na tano, na ilikua ile siku wingu limetanda juu ya ziwa vijana wakaogopa kulowa. Niliponyanyuka kwenye mkutano wa mtaa nikasoma hizo namba, watu walicheka mwanzoni, niliposema thelathini na tano wakanyamaza, bibi mmoja wa nyuma akasema "ng'wanawane, hata kuku wanapata zaidi".

Kapteni wa vijana akasimama akasema yaleyale ya kufyeka. Hapo nikatumia swali la Binti wa Nansio, nikauliza siku ile nani alileta sufuria. Mama zao wote walikuwepo mkutanoni. Sitaeleza zaidi.

Tumepewa Jumanne na Alhamisi saa 10:30 mpaka 11:45, nusu ya uwanja, upande wa mawe. Niliomba mpaka kumi na mbili na uwanja mzima. Imeandikwa kwenye muhtasari nimepiga picha. Jumanne ya kwanza walichelewa kutoka dakika ishirini makusudi, tukakaa kwenye mstari tukaimba mpaka wakachoka. Alhamisi walitoka.

Kitu ambacho sikukitegemea: waliokuja walikua kumi na moja tu. Nimepata saa, mabinti hawapo! Nikapita nyumba kwa nyumba. Mmoja anamlea mdogo wake wa mwaka na nusu, mwingine mama hajarudi sokoni, mwingine zamu ya kupika ni yake na kaka yake "hajui kupika". Kwaiyo nikasema njooni nao. Sasaivi tuna kanga tatu zimetandikwa chini ya mwembe, watoto sita wadogo wamekaa pale na mama mmoja wa zamu, mabinti wanacheza. Juzi mmoja kadaka mpira, kasikia mdogo wake analia, kaweka mpira chini katikati ya mchezo kaenda kumnywesha uji, karudi, na wenzake wamemsubiri. Alhamisi hii walikuja kumi na tisa.

Ummu K binti wako yupo, anacheza GD (mlinzi wa goli kwenye netiboli), usiniangushe kwa kusema nimemtaja.

Ummu K

Hahaha baba yake alikuja Alhamisi akasimama mbali kwenye boda yake. Hajasema kitu. Jana kauliza raba namba ngapi.

Sangara Mkavu

Haya hongera. Bado nasema upande wa mawe mngetoa mawe kwanza kabla ya kusema mna haki.

Mama Rede

Tumeshaanza, ndoo kumi na nane mpaka sasa. Na makande safari hii apike nani?

Sangara Mkavu

Nimekoma.

Mama Aisha wa Mwaloni

Mama Rede nimesoma mahali hamna nyavu za goli. Hapa Mwaloni kuna nyavu kuukuu watu wanatupa, naweza kukusanya nikampa konda wa daladala akushushie Nyakato sokoni. Unataka za namna gani?

Mama Rede

Wabeja sana mama yangu! Zozote tu nashukuru.

Mtu wa Mwaloni

Sio zozote. Usipewe ya dagaa, ile macho madogo upepo ukija inavuta milingoti yote chini, na ikichanika hamshoni. Chukua ya sangara, macho ya inchi sita au saba, mpira haupiti na inadumu. Kagueni isiwe na ndoana zimebaki, wapitishe mikono taratibu, wafanye watu wazima sio watoto. Na mwambie konda aweke juu, harufu hiyo abiria watamshusha.